Poco F1 yenye Linux: maksi zangu nyingi zimekwenda kwenye taa ya kioo

Mteja mgeni akiingia kibandani kwangu hutazama kulia, hutazama kushoto, kisha huuliza: "Samahani dada, fundi yupo?" Zamani nilikuwa nanuna. Siku hizi nanyoosha mkono tu anipe simu. Niko Ngamiani, Tanga, mwaka wa tisa huu, na ukiacha kesi za chaji, mgonjwa anayenijia mara nyingi kuliko wote ni simu inayoita, inayotetemeka, inayopokea meseji, ila kioo giza.

Poco F1 ya Xiaomi ninayoizungumzia hapa ilikuja hivyo hivyo. Mwenyewe alishapita kwa mafundi wawili, mmoja akambadilishia kioo kizima, na taa haikurudi. Alipofika kwangu hakutaka tena matengenezo, alitaka hela. Nikampa elfu sitini, akaniachia na kava lake. Kwa hiyo mjue mapema: hii si simu niliyoitoa kwenye boksi. Ni simu iliyotoka Agosti 2018, nimeinunua kwa bei ya spea, nimeiwekea postmarketOS (mfumo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya simu), na nimekaa nayo miezi minne. Na mengi nitakayoyasema yanahusu kitu ambacho hakuna duka litakalokibandika kwenye tangazo: draiva ya taa ya kioo, ile programu ndogo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inayoiambia IC ya pawa, yaani chipu inayosimamia umeme wa simu, iwashe taa, kwa kiasi gani, na izime lini.

Simu yenyewe nitaipitia haraka. Snapdragon 845, RAM ya GB 6, betri ya mAh 4000, kioo cha LCD cha inchi 6.18. Shikeni hapo kwenye LCD. Kwenye AMOLED kila nukta hujiwakia yenyewe. LCD haina mwanga wake. Ni kama kitambaa cha khanga kilichotundikwa dirishani, maua huyaoni vizuri mpaka jua lipige kwa nyuma. Jua lenyewe ni safu ya taa ndogo nyeupe zilizofichwa ukingoni mwa kioo. Zikizimika, picha inabaki palepale, wewe ndiye huioni. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha fundi hakihitaji mita: washa tochi, ilaze karibu na kioo, tazama kwa upande. Nilifanya hivyo, nikaona saa na alama ya betri zikielea kama dagaa chini ya maji. Picha ipo, taa haipo.

Sasa, simu nyingi nilizojifunzia kazi zilikuwa na IC ya taa peke yake, kadude kadogo chenye miguu michache. Ikifa unainyanyua kwa hita, unaweka nyingine, mteja anaondoka kabla ya adhuhuri. Kwenye Poco F1 utaitafuta IC hiyo mpaka uchoke. Kazi ya taa iko tumboni mwa PMI8998, IC ya pawa ya Qualcomm, na hiyo hiyo ndiyo inayochaji betri, inayopima asilimia, inayoendesha mtetemo, na inayotengeneza zile volti za chanya na hasi ambazo kioo kinazihitaji ili kionyeshe picha. Ukiipiga moto kwa kubahatisha umeiweka simu nzima rehani kwa ajili ya taa.

Chumba cha taa ndani ya IC hiyo kinaitwa WLED. Kinachukua volti nne hivi za betri na kuzipandisha kwa koili mpaka zaidi ya ishirini, kwa sababu taa nyeupe moja inataka karibu volti tatu na zimepangwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Kisha kila uzi una mlango wake wa kupitisha mkondo uliopimwa. PMI8998 ina milango minne ya namna hiyo. Kiasi cha mkondo hakiamuliwi na IC. Kimeandikwa kwenye faili la vifaa la simu hiyo ndani ya kerneli, na kwa Poco F1 limeandikwa mikroampea 20000, yaani miliampea 20. Nimelipenda hilo. Fundi yeyote anayeweza kusoma anaweza kufungua faili akaona taa yake imepangiwa nini, bila kununua mchoro wa bodi kwa mtu wa mtandaoni ambaye mwenyewe aliuiba.

Rudi kwenye mgonjwa. Chaji ilikuwa inaingia. Asilimia inasoma sawasawa. Mtetemo upo. Picha, kwa tochi, ipo. IC iliyokufa haifanyi yote hayo, kwa hiyo shaka yangu ilikuwa kwenye taa zenyewe au njia ya kuzifikia. Lakini Android ya kawaida haikusemeshi. Bila ruhusa ya rooti, yaani ya mwenye mfumo, kumbukumbu za kerneli huzioni, unabaki kubahatisha kama mganga. Bahati nzuri aliyeniuzia alikuwa mtu wa kuflashi (kubadilisha mfumo wa simu), butiloda, ile programu ya kuwashia yenye kufuli ya kuzuia mfumo mwingine, aliifungua yeye mwenyewe zamani. Nikasema basi, niweke Linux kamili, nimsikie mgonjwa akijieleza.

Kuiweka si kazi ya kutisha kama una kompyuta yenye Linux. Unaendesha programu yao iitwayo pmbootstrap, inakuuliza maswali, inakutengenezea mfumo, unaupeleka kwenye simu kwa waya wa USB na fastboot, amri ya kuandikia mfumo kwenye simu. Nilichokosea ni swali moja. Poco F1 zilitoka kiwandani na vioo vya watengenezaji wawili, Tianma na EBBG, na kerneli ya Linux haikisii: unaichagulia kioo, inakuamini. Nikachagua EBBG kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu jina lilikuwa la kwanza machoni. Simu ikawaka, kompyuta ikaitambua, nikalaza tochi: hamna kitu, hata dagaa hakuna. Nilipoteza mchana mzima nikidhani nimeua kioo. Ningeingia kwenye rikavari (menyu ya uokoaji ya simu) nikasoma faili la /proc/cmdline ningeona jina la kioo limeandikwa pale. Kosa ni langu, na nalitaja kwa sababu wewe utalifanya pia, hasa kama simu yako imeshabadilishwa kioo na hujui kilichowekwa ni kipi.

Nikarudia na Tianma. Tochi. Dagaa wamerudi.

Hapa ndipo simu hii iliponilipa elfu sitini yangu. Unachomeka USB, unaingia ndani ya simu kutoka kwenye kompyuta kwa SSH, kwenye anwani 172.16.42.1, unaandika amri ya dmesg, na kerneli inakusomea kila ilichokutana nacho tangu iwake. Katikati ya mistari ile, karibu na jina la WLED, kulikuwa na ujumbe ambao kwa Kiswahili changu unasema: shoti imetokea mara kadhaa, naizima WLED milele.

Niliusoma mara mbili nikamwita kijana wangu aje aone. IC haikuwa imekufa, ilikuwa inajilinda. PMI8998 ina kengele mbili kwa upande wa taa, moja ya volti kupanda kupita kiasi na moja ya shoti, na draiva imezisikiliza zote mbili. Shoti ikigonga, draiva inazima taa, inasubiri kidogo, inawasha tena ijaribu. Ikigonga tena na tena kwa mfululizo, kila moja ikiikimbilia mwenzake ndani ya sekunde moja, zaidi ya mara tano, inakata tamaa na kuacha taa imezimwa mpaka simu iwashwe upya. Mteja alikuwa akiona giza tu. Ndani kulikuwa na mabishano ya sekunde chache kila asubuhi.

"Sasa fundi, shoti iko wapi?" kijana akauliza. Swali zuri, na ujumbe ule haujibu. Hautaji uzi gani umeshoti. Lakini ulishanipa eneo. Nikafungua mgongo. Fleksi, yaani waya bapa, ya kioo kipya ilikuwa imekunjwa kwa haraka, kona imechubuka, na shaba iliyo wazi inaegemea kava la chuma la bodi. Aliyefunga kioo alibana skrubu zote vizuri kabisa, na kwa kuzibana vizuri ndivyo alivyoikandamiza fleksi kwenye chuma. Nikaikunja upya, nikaweka kipande cha tepu ya njano isiyoungua, nikafunga. Kioo kikawaka. Kijana alipiga kelele mpaka muuza mihogo wa mbele akageuka.

Kuna mafundi watanicheka: dada, ungeweka mita kwenye kiunganishi cha kioo ukapima njia ya taa, ungeona shoti kwa dakika mbili. Ni kweli, na siku nyingine nafanya hivyo. Ila fleksi hii ilikuwa inashoti ikiwa imefungwa tu. Ukifungua mgongo ili upime, inajiachia, mita inasema mzima. Ndiyo hali iliyowapita wale wawili. Draiva iliikamata kwa sababu inaangalia simu ikiwa imefungwa na inafanya kazi.

Draiva hii, kwa wanaotaka kuitafuta, faili lake linaitwa qcom-wled.c. Mwanzoni lilikuwa la IC nyingine, PM8941, na juu kabisa ya faili bado kuna hakimiliki ya Sony Mobile ya mwaka 2015. PMI8998 iliongezwa baadaye, ikafuatwa na nyingine mpya zaidi. Kwa hiyo simu ya Xiaomi, mezani kwangu Tanga, taa yake inaongozwa na kazi iliyoanzia kwa Sony. Sina la kuongeza hapo, nimelipenda tu.

Na wala si jambo geni kwa IC ya pawa kubebeshwa taa. Openmoko FreeRunner ya 2008, simu ya Linux ya watu wa zamani, taa yake ilikuwa chini ya PCF50633. BeagleBone Black, ile bodi ndogo ya 2013, ina TPS65217 ambayo nayo ina sehemu ya taa na draiva yake kwenye kerneli. PinePhone wao wamekwenda njia nyingine, mwanga unapunguzwa kwa PWM, yaani mapigo ya kuwasha na kuzima haraka haraka, kutoka kwenye prosesa. Nawaambia haya ili mtu asidhani kila simu ya Linux itampa habari kama nilizopata mimi. Kengele ya shoti ipo kwa sababu IC hii inayo na draiva ikaamua kuisikiliza. Mahali ambapo mwanga ni mapigo ya PWM tu, draiva haina wa kumuuliza.

Matumizi ya kila siku sasa. Mwanga unaupata kama namba kwenye /sys/class/backlight, kuanzia 0 hadi 4095, na usipoiambia kitu draiva inaanzia 2048. Mchana kibandani, jua la Tanga likiwa limekaa juu ya bati, naweka 4095 na naona ninachoandika. Usiku ndani ya chandarua naweka 25 na bado nasoma. Hiyo 25 ni habari kubwa kwangu. Android iliyokuwa kwenye simu yangu nyingine inakataa kushuka hapo, inaamua yenyewe kwamba macho yangu yanahitaji zaidi.

Tatizo linaanza pale kidole kinapoingia. Draiva inapokea namba na kuipeleka kwenye IC jinsi ilivyo, haipindi wala haikadirii. Jicho halifanyi hesabu hiyo. Kutoka 20 kwenda 120 ni kama umefungua dirisha. Kutoka 3900 kwenda 4000 huoni tofauti hata ukikazia macho. Kiolesura (sura ya mfumo unayoigusa kwenye skrini) nilichoanza nacho, ambacho sitakitaja kwa kuwa wanaokitengeneza wanajitolea, kimegawa kile kitelezi sawasawa kuanzia chini hadi juu. Matokeo yake nusu yote ya kulia haina kazi, na mwanga wote wa usiku umebanwa kwenye upana wa ukucha upande wa kushoto. Ukikosa kidogo unajimulika usoni saa saba usiku. Kerneli ina faili dogo liitwalo scale ambalo draiva inaweza kulitumia kusema namba zake zinapanda kwa mtindo gani, ili kiolesura kijue. Mwenye kiolesura akilisoma, jambo hili linaisha.

Mimi sikusubiri. Nimeandika amri fupi inayopanda kwa kuzidisha mara mbili: 12, 25, 50, 100, 200, 400, 800, 1600, 3200, na mwisho 4095. Hatua kumi, na kila hatua jicho linaiona kama ngazi moja. Anayependa kilicho tayari aweke programu ya brightnessctl, inatosha kabisa.

Halafu kuna sifuri. Usiku wa pili niliandika 0 nikitaka kuona chini kabisa kukoje. Kukoje? Giza. Draiva ikipewa sifuri inazima WLED yote. Tachi iko hai, simu iko hai, alamu italia, ila wewe huoni pa kugusa, na SSH yako iko kwenye kompyuta uliyoizima. Nikaenda kuchukua tochi kwenye mkoba wa kazi, nikajimulikia simu yangu mwenyewe kitandani mpaka nikaipata ile amri. Kijana nilipomsimulia asubuhi alicheka kwa adabu, yaani alicheka akiwa amegeuka.

Hilo silihesabu kuwa kosa la draiva. Kerneli haijaweka sheria moja kuhusu sifuri. Kuna draiva ambazo kwao sifuri ni mwanga wa chini kabisa na nyingine sifuri ni kuzima. Ni wajibu wa anayekaa juu yake kuweka kizuizi. Violesura vingi vinaweka. Mimi nilipita mlango wa nyuma.

Mengine, kwa kifupi. Wi-Fi nzuri. Betri, nikikaa kwenye 200 muda mwingi, inanifikisha jioni bila wasiwasi, na kwa betri ya umri ule sitaki zaidi. Kamera usiitegemee, mimi napiga picha za bodi kwa simu nyingine. Kubwa kuliko yote ni kwamba haina WhatsApp yake ya asili. Unaweza kuendesha programu za Android ndani ya Waydroid, lakini ukishafika huko jiulize kwa nini ulihama. Kwetu simu isiyo na WhatsApp ni kalkuleta yenye laini. Dada yangu niliyetaka kumgawia aliishika dakika moja, akanirudishia: "Mdogo wangu, hii kaa nayo mwenyewe."

Maksi. Draiva ya taa naipa 9 kati ya 10. Moja nimeikata kwa sababu ujumbe wa shoti hauniambii ni uzi upi, na kwenye upande wa kengele ya volti draiva hiyo hiyo inaweza kujaribu nyuzi moja moja ikabaki na zilizo nzima, endapo faili la vifaa limeiruhusu. Ningependa na shoti ipate heshima hiyo. Kioo na simu yenyewe 7, maana kwa bei ya iliyotumika bado ni chuma cha nguvu. Kiolesura nilichoanza nacho 5, na tatu kati ya hizo ni za kujitolea kwao. Mfumo mzima kama simu ya mtu wa kawaida, 4. Kama kifaa cha fundi anayetaka kujua IC inawaza nini, sijakutana na kingine cha elfu sitini kinachokaribia.

Ukitaka kununua moja kwa kazi kama yangu: hakikisha butiloda imefunguliwa au mwenyewe yupo tayari kuifungua, uliza kama kioo kimewahi kubadilishwa, na jaribu chaji palepale mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela. Giza lenye chaji nzuri linanunulika. Giza pamoja na chaji mbovu punguza bei kwa nguvu au rudi nyumbani.

Juma lililopita imeingia Poco F1 nyingine, safari hii ya mteja, si ya kununua. Kioo giza, chaji inaingia na kukatika, asilimia inaruka kutoka 60 hadi 11 na kurudi. Kijana alishaanza kutafuta waya wa USB na kompyuta. Nikamwambia aviache. Hiyo nimeiagizia PMI8998 Dar es Salaam, inakuja na basi la Alhamisi.